Kwanini kichwa cha mfupa wa mbuzi mdogo kinachomoka kwenye supu ila cha beberu mzee hakitoki hata kwa shoka?

Supu Majengo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi nauza supu hapa Dodoma jirani na soko la Majengo, ya mbuzi na makongoro, mwaka wa tisa huu, saa kumi alfajiri moto ushawaka. Kuna kitu nakiona miaka yote ila sijawahi kuuliza mana nilikua naogopa kuchekwa. Ukichemsha paja la mbuzi mdogo, masaa mawili matatu hivi, kile kichwa cha duara kinachoingia kwenye nyonga kinachomoka chenyewe, unagusa na kidole kinakuja kama kifuniko cha chupa, na pale kilipotoka unakuta vilima na mabonde kama matuta ya karanga. Sasa chukua beberu lile la mnadani Msalato wanalokuapia eti lina mwaka mmoja, chemsha mpaka gunia la mkaa liishe, kichwa hakitoki ng'o. Siku hizi nikitaka kujua nimepigwa ama la naangalia hapo hapo, kwa kuchelewa lakini, hela ishaenda.

Nimeileta leo kwa sababu mwanangu wa miaka tisa kaanguka kutoka juu ya mkwaju akavunjika mkono karibu na kiganja. Daktari akaweka eksirei kwenye mwanga, mimi nikaona mstari mweusi mwishoni mwa mfupa nikasema moyoni hapo ndo pamekatika. Akasema hapana mzee, huo mstari ni wa kawaida kwa mtoto, ufa wenyewe uko juu yake kidogo, shukuru Mungu haujagusa sahani ya ukuaji. Nikaitikia ndio dokta, huku sijui sahani gani. Usiku nimelala nikakumbuka kichwa cha mbuzi. Hivi ni kitu kimoja au nachanganya mambo?

Na la pili, kibandani kwangu nimebandika karatasi miaka yote, SUPU INAUNGA MIFUPA. Mama mkwe kaniambia mtoto nimpe makongoro asubuhi na jioni. Nataka kujua kama ni kweli au nimekua nadanganya watu.

Kibajaji Kizota

Nimetandika mkeka hapa. Ila mkuu hao mbuzi wadogo unawaonea aisee.

Ticha Chadulu

Mleta uzi hujachanganya, ni kitu kile kile, tena umeona kwa macho kitu ambacho wanafunzi wangu wanakikariri bila kukiona. Mfupa mrefu wa mtoto, awe wa mbuzi awe wa mtu, sio kipande kimoja. Katikati kuna shina la mfupa, huku na huku kuna vichwa, na kati ya kichwa na shina kuna gegedu, lile lile linalokatika katika ukilitafuna. Hiyo ndo sahani ya ukuaji. Kwenye eksirei gegedu halionekani mana halina madini ya kuzuia miale, kwahiyo unaona pengo jeusi unadhani ufa. Kwenye sufuria gegedu linalainika mapema kuliko mfupa, kichwa kinakosa cha kukishika. Na hivyo vilima na mabonde ulivyoviona kazi yake ni kushikana ili kichwa kisiteleze mtoto akiruka ruka.

Ndani ya hilo gegedu seli zimepangana kama sarafu za mia mia ulizozisimamisha juu ya nyingine. Za upande wa kichwa zinagawanyika kila siku, za katikati zinavimba, za mwisho zinazungukwa na chokaa na nyingi zinakufa, alafu mishipa ya damu inapenya na nyuma yake wanakuja wajenzi wanaweka mfupa pale pale kwenye mabaki. Kwahiyo gegedu linakimbia mbele mfupa unalifukuza nyuma, na mchezo huo ndo kurefuka kwenyewe. Siku mfupa ukilikamata gegedu, basi, urefu umeisha, kichwa na shina vinakua kitu kimoja, na hapo ndo beberu lako la Msalato.

Mfupa haurefuki katikati. Mwingereza Stephen Hales alilionyesha hilo kwenye kitabu chake cha 1727, alitoboa matundu mawili kwenye mfupa wa mguu wa kifaranga, akasubiri miezi miwili, kifaranga kimekua na mguu umerefuka lakini umbali kati ya tundu na tundu uko vile vile.

Kwa binadamu sahani nyingi zinafunga kwa wasichana kama miaka 14 hadi 16, wavulana 16 hadi 18, na inayochelewa kabisa ni ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, inaweza kufika miaka 25. Anayefunga mlango ni homoni ya estrojeni, hata kwa wanaume, mana wanaume nao wanayo kidogo. Mtoto anazaliwa na vipande kama 300 hivi, mtu mzima anabaki na 206, havijapotea ila vimeungana.

Dogo Nkuhungu

Ticha mimi nna miaka 19 na nusu, kuna jamaa anauza vidonge vya kuongeza urefu elfu themanini dozi, anasema vinafungua sahani. Nimeshalipa nusu.

Ticha Chadulu

Dai nusu yako mdogo wangu. Sahani ikishakua mfupa hakuna kidonge cha kuifungua. Hawa FIFA wenyewe tangu Kombe la Dunia la U-17 la 2009 kule Nigeria wanapiga vifundo vya mikono vya vijana picha za MRI, mtu akikutwa sahani ya hapo imefunga kabisa wanamhesabu amezidi miaka 17. Ingekua zinafunguka kwa elfu themanini unafikiri kuna timu ingekamatwa?

Dogo Nkuhungu

Hapokei simu.

Fundi Nondo Ihumwa

Wakuu mimi mtu wa saiti, siku hizi Dodoma kila ukigeuka kuna zege. Naomba kuuliza, mfupa ni chokaa tupu si ndio? Mana sielewi chokaa tupu inawezaje kubeba mtu na gunia la saruji kichwani miaka thelathini bila kupasuka. Mimi nikimwaga nguzo bila nondo inakatika kabla sijalipwa.

Ticha Chadulu

Fundi umejijibu bila kujua. Mfupa una nondo. Kwa uzito, karibu theluthi mbili ni madini, haidroksiapataiti, ambayo ni kalisiamu na fosfeti, kinachobaki ni maji na kolajeni, hiyo kolajeni ni nyuzi za protini. Madini yanahimili kugandamizwa, nyuzi zinahimili kuvutwa na kupindwa.

Mleta uzi fanya hivi, chukua mfupa wa paja la kuku uusafishe, uutumbukize kwenye chupa ya siki, uache siku tano sita huku unabadilisha siki. Siki inayeyusha madini nyuzi zinabaki. Alafu chukua mwingine uutupe kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mweupe, hapo nyuzi zimeungua madini yamebaki. Njoo utuambie.

Supu Majengo

Siki ipo, kuku wapo. Naanza leo.

Mama Nesi wa Zamani

Wanangu habari zenu. Nimestaafu, nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi, mjukuu ndo kanionyesha huu uzi. Mmeongea vizuri ila mnauongelea mfupa kama tofali. Mfupa ni nyama hai kama ini. Ukikatwa unatoka damu, na una mishipa ya fahamu hasa kwenye ule utando unaoufunika nje, mtu akigongwa ugoko akapiga yowe ni huo utando. Mifupa mnayoijua nyie ni ile mikavu ya porini, ile ni maiti.

Sasa huyu mtoto wa mwenye supu. Mfupa ukivunjika saa ile ile damu inavilia pale, inaganda. Hilo bonge la damu msilidharau, ndo mwanzo wa kazi. Ndani ya wiki mbili tatu pale panajaa gegedu na nyuzi, bado laini, ukigusa panacheza kidogo. Alafu gegedu linageuka mfupa, mfupa wa haraka haraka usio na mpangilio, unavimba kuzunguka jeraha kama mtu alivyofunga kamba fundo kwenye bomba lililopasuka. Wazazi wengi mtoto akitolewa hogo, ile plasta ngumu, wanakuja wanalia, nesi mbona mkono una nundu, umeungwa vibaya. Hapana, hiyo nundu ndo kiungio chenyewe, mwili utaichonga polepole miezi na miaka mpaka kwa mtoto wa miaka tisa usijue palivunjika wapi. Mtoto hata mfupa ukiunga na kupinda kidogo unajinyoosha mwenyewe akikua, hasa karibu na sahani. Mtu mzima hana bahati hiyo.

Mkono wa mtoto unaweza kuwa wiki nne hadi sita, mtu mzima sita hadi nane, muundi wa mtu mzima andika miezi mitatu minne na zaidi, akiwa mvuta sigara ongeza, sigara inachelewesha sana kuunga.

Boda Area C

Shikamoo mama. Na hawa wazee wanaounga mifupa kwa vijiti na mafuta huku vijijini, mjomba wangu alivunjika mguu Chamwino akaungwa na mzee na leo anacheza mpira.

Mama Nesi wa Zamani

Marahaba mwanangu. Simkatai huyo mzee, mfupa unajiunga wenyewe, anayeunga ni mwili, sisi na wao tunashikilia tu visisogee. Mvunjiko mwepesi usiohama ukitulizwa na vijiti utapona. Shida ni viwili. Kwanza hana eksirei, hajui ndani vipande vimekaaje. Pili, na hili ndo limenifanya niandike, wanakaza. Mguu uliovunjika unavimba siku ya pili ya tatu, kama umefungwa kwa kukazwa damu haifiki chini. Nimepokea watoto vidole vyeusi, harufu unaisikia kabla hawajafika mlangoni, na hapo kinachofuata ni kukata. Hata hogo la hospitali ni hivyo hivyo. Vidole vikiwa baridi, ganzi, vimepauka au vimekua vya bluu, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usiku huo huo rudi ikalegezwe, usisubiri kliniki ya jumatatu.

Boda Area C

Asante mama. Mimi mwenyewe nlipata ajali barabara ya Singida, paja, nikawekewa chuma, nikalala miezi minne kwa dada yangu Miyuji. Nilivyoanza kusimama mguu ulikua mwembamba kama mwiko, sawa nyama ilipungua najua, ila daktari akaniambia hata mfupa umepungua. Nilishangaa, mfupa unapunguaje na mimi nilikua nakula na kulala tu? Alafu yule wa mazoezi ananiambia kanyaga, kanyaga, unauma nalia ye anasema kanyaga.

Maabara Mlimwa

Boda hapo ndo utamu wa mada ulipo ngoja niongeze mana nyie mmeongelea kurefuka na kuunga, hamjagusa matengenezo ya kila siku.

Mfupa una vikosi vitatu. Osteoblasti ni wajenzi. Osteoklasti ni wabomoaji. Na osteosaiti, hawa ndo wengi, zaidi ya tisini kwa kila mia, ni wajenzi wa zamani waliojizika ndani ya kuta walizojenga wenyewe, wamekaa kwenye vyumba vidogo wanashikana mikono kupitia vijitundu, wengine wanaishi humo miaka mingi sana. Kazi yao ni kusikiliza. Ukikanyaga mfupa unapinda kidogo mno, hata huhisi, maji yaliyomo kwenye vijitundu yanasukumwa, osteosaiti wanahisi wanajua hapa pana mzigo pasibomolewe. Ukilala miezi minne kimya hakuna habari inayofika, basi wanawaachia wabomoaji.

Mbomoaji ni jitu kubwa lenye viini vingi, asili yake ni damu, ndugu na zile seli nyeupe zinazokula wadudu. Anajibandika juu ya mfupa anaziba pembeni kama bakuli ulilofunika juu ya meza, alafu ndani ya bakuli anamwaga asidi, madini yanayeyuka, kisha vimeng'enya vinamaliza nyuzi. Mleta uzi hiyo siki yako ni kazi ya mbomoaji nusu ya kwanza, ila ye anafanya kwa ustadi na ndani ya wiki mbili tatu kamaliza shimo lake. Nyuma yake wajenzi wanaingia kujaza, na hao ni miezi mitatu minne. Kubomoa fasta, kujenga pole pole. Inafanyika mwilini sehemu maelfu kwa wakati mmoja, kwa mtu mzima karibu sehemu ya kumi ya mifupa yote inabadilishwa kila mwaka, kwahiyo mfupa ulionao leo sio ule wa mwaka 2010.

Mjerumani Julius Wolff aliandika 1892 kwamba mfupa unajipanga kufuata mzigo unaoubeba. Wale wanaoenda anga za juu ambako hakuna uzito wanapoteza kama asilimia moja hadi moja na nusu ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na ni watu wazima wenye afya wanaofanya mazoezi. Kwahiyo yule wa kanyaga kanyaga hakua na roho mbaya.

Fundi Nondo Ihumwa

Daah hapo zege langu limeshindwa. Hakuna nguzo inayojua imezidiwa ikajiongezea nondo.

Supu Majengo

Hapa kuna kitu nakiona kila siku. Nikikata kifundo kwa msumeno, nje kuna ganda gumu la kung'aa, ndani kama sega la nyuki, na hizo kuta za sega hazijakaa ovyo zimeelekea upande mmoja. Lakini nikikata katikati ya shina hakuna sega, ni bomba lenye uboho. Wateja wanagombania huo uboho, kuna mzee anakuja na mrija wake.

Ticha Chadulu

Hilo sega ndo mfupa wa sponji, na zile kuta zimeelekea mzigo unakopita, ndo alichokua anakisema Wolff. Nje ni mfupa mgumu, nao ukiukata mwembamba ukauweka kwenye hadubini utakuta umejaa mabomba madogo, kila moja limezungukwa na duara juu ya duara kama kitunguu, katikati panapita mshipa wa damu. Mabomba hayo yanabeba jina la Clopton Havers, daktari wa London aliyeyaandika 1691.

Uboho wa katikati ya shina kwa mnyama mkubwa ni mafuta, ndo anaofyonza mzee wako. Ule mwekundu wa kwenye nyonga, mbavu, kidari na uti wa mgongo ndo kiwanda cha damu, kwa mtu mzima unatoa seli nyekundu kama bilioni 200 kwa siku.

Na usijidharau kujifunzia kwenye sufuria. Daktari John Belchier wa London, 1736, alialikwa chakula kwa mtu wa kiwanda cha kupaka rangi vitambaa, ikaletwa nguruwe mifupa yake myekundu. Kumbe nguruwe walilishwa pumba zilizokua na rangi ya mizizi kutoka kwenye vitambaa. Mfaransa Duhamel akachukua wazo, akalisha wanyama rangi, akaacha, akalisha tena, akakuta kwenye mfupa duara jekundu, jeupe, jekundu. Ndo watu wakajua mfupa unanenepa kwa kuongezewa tabaka nje, chini ya ule utando alioutaja mama. Mwanzo wake mezani tu pale.

Binti Kondoa

Naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 67, yuko Kondoa, mwaka jana aliteleza bafuni akajishikiza na mkono ukavunjika kifundo, mwaka huu kainua tu ndoo mgongo ukalia ka, tangu hapo kapinda. Magauni yake yote yanaburuta, tulidhani yeye ndo kayashona marefu. Sisi tunasema uzee.

Mama Nesi wa Zamani

Pole mwanangu. Uzee upo ila mpeleke akapimwe, huo mgongo yawezekana pingili zimejikunja kama kopo lililokanyagwa. Maabara kasema wabomoaji ni wepesi kuliko wajenzi, sasa estrojeni ndo iliyokua inawashika wabomoaji mkono. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, wabomoaji wanafunguliwa, mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa ndani ya miaka mitano hadi saba ya mwanzo. Hauumi. Siku utakayojua ni siku umevunjika kwa kitu kidogo. Dawa za kuwapunguza kasi wabomoaji zipo, zinaandikwa na daktari. Na nyumbani toeni vile vimikeka vinavyoteleza na muweke taa ya usiku njia ya chooni, nyonga nyingi zinavunjikia hapo.

Wewe mwenyewe una miaka mingapi? Akiba ya mfupa inajazwa mpaka karibu miaka 30, baada ya hapo unatumia.

Binti Kondoa

27 mama. Asante, jumamosi nampeleka. Nimeisoma hiyo ya akiba mara mbili.

Mnyaturu wa Kati

Huku kwetu Singida tuna jambo letu hamjaligusa. Maji ya visima vingine yana floraidi nyingi, meno ya watu kahawia tangu utoto, na wengine mifupa. Floraidi kidogo ni nzuri kwa meno, ila ikizidi inaingia kwenye yale madini ya mfupa inakaa mahali isipotakiwa, mfupa unakua mnene kwenye eksirei lakini unavunjika kirahisi, viungo vinakaza, watoto wengine miguu inapinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki, unaizidisha. Hata magadi mengine ya kulainishia mlenda na maharage yanayo, inategemea yalikochimbwa.

Sasa mwenye supu sikiliza hii. Kule Ngurdoto mkoani Arusha kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanachukua mifupa ya ng'ombe wanaichoma, wanasaga chenga chenga, wanaweka kwenye chujio maji yanapita. Madini ya mfupa yanapenda floraidi, yanaidaka. Kile kinachoharibu mfupa wako ndani ya mwili ndo hicho hicho mfupa wa ng'ombe unakidaka kwenye ndoo. Kwahiyo hiyo mifupa unayowatupia mbwa ni mali.

Supu Majengo

Mbwa wa Majengo wasisikie. Sasa wakuu turudi kwenye karatasi yangu. Supu inaunga mfupa au haiungi?

Mzee Makongoro

Inaunga! Sisi tumekula makongoro tangu enzi za Mwalimu, hatujawahi kusikia hayo ma osteo. Ukilamba mdomo unagandana, huo ulojo ndo gundi ya mfupa.

Maabara Mlimwa

Shikamoo mzee wangu. Huo ulojo ni kolajeni iliyochemka, kweli, lakini ukishaimeza tumbo linaikatakata vipande vipande kama nyama yoyote, haifiki mkononi ikiwa gundi. Ni protini, na mtu aliyevunjika anahitaji protini, kwahiyo sio hasara. Ila kalisiamu kwenye supu ni kidogo sana, mana madini hayayeyuki kwenye maji ya moto, yanataka asidi. Mfupa unabaki nayo wewe unakunywa mafuta na chumvi.

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1000 za kalisiamu kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi inakupa kama 300. Dagaa wanaoliwa na miba yao wanatoa nyingi. Ulezi, gramu mia zina 300 na kitu, mahindi hayafiki hata sehemu ya kumi ya hapo, na sisi huku kati ulezi tunaupikia uji wa mtoto mchanga tu akishaota meno tunamhamishia sembe. Ubuyu nao unayo, na vitamini C yake inahitajika kutengeneza kolajeni.

Usipokula mwili haukusubiri. Asilimia 99 ya kalisiamu yako iko kwenye mifupa na meno, hiyo moja iliyobaki ndo inaendesha moyo na misuli na haitakiwi kushuka. Ikishuka vitezi vinne shingoni vinatoa homoni, wabomoaji wanaamshwa wanachota mfupani. Benki haikatai ila salio linapungua.

Kibajaji Kizota

Na jua? Dodoma jua si limejaa bure.

Ticha Chadulu

Jua linatengeneza vitamini D ya kufyonza hiyo kalisiamu tumboni, ila linatakiwa ligonge ngozi, la dirishani halihesabiki mana kioo kinazuia miale inayotakiwa. Kuna watu Mtumba wanaingia ofisini saa moja na nusu wanatoka jua limezama, hao jua la Dodoma wanalisikia tu kama wa ughaibuni. Na jua peke yake halitoshi, kule Nigeria walikuta watoto wana matege na jua wanalo tele, kilichopungua kilikua kalisiamu kwenye chakula. Ila mama zangu wa watoto wachanga msikimbie, mtoto wa chini ya miaka miwili kuwa na katege kidogo ni kawaida, akizidi hapo au mguu mmoja tu ndo unapinda muone daktari.

Supu Majengo

Wakuu nimerudi, siku ya saba leo. Samahani kwa kuchelewa, nlikua na tenda ya msiba Nzuguni.

Wa jikoni. Uliwaka kwanza moshi na harufu ya nywele, ukawa mweusi, alafu mweupe kama chaki. Umbo limebaki vile vile hata vitundu vinaonekana, nikasema mbona mzima, nikaubana vidole viwili ukawa unga. Nondo zimeungua fundi.

Wa siki. Siku ya pili nilidhani mmenidanganya, vipovu tu. Siku ya nne ncha zikaanza kulegea. Leo nimeutoa nikausuuza, unapinda mpaka ncha zinagusana, ukiachia unarudi. Mwanangu na mkono wake wa hogo kaushika kwa mkono mzima akaniambia baba hebu ushike huku, tumeukunja, tumeukunja kabisa kama mpira. Kaniuliza baba ndo mkono wangu ulivyo sasa hivi humu ndani? Nikamwambia wako unapitia hapo ila unaenda upande wa kuwa mgumu. Hogo linatoka jumanne ijayo, nishamwambia na habari ya nundu asije akalia.

Mama yake kasema ile chupa isikanyage tena jikoni kwake.

Karatasi ya kibandani nimebandua asubuhi. Nimeandika nyingine, SUPU IPO, UJI WA ULEZI NA MTINDI PIA. Mzee wa mrija kasoma akaguna, akaagiza supu.